Chebet Si Jebet

Jumapili. Mvua imeanza hapa West Indies, mtaa wetu wa Eldoret, mara tu watu walipotoka kanisani, na mpaka sasa sijatoka kuanua nguo. Zimelowa tena. Wacha zilowe.

Naandika haraka, kwa hivyo mkiona nimekosea herufi mahali, mnisamehe. Ingawa leo, kusema ukweli, herufi ndiyo shida yenyewe.

Mnajua mimi ndiye ninayeangalia kompyuta za kliniki moja ndogo ya akina mama kule Cheptiret. Mkubwa wa pale ni Sista Rael, nesi wa Kinandi asiyependa maneno mengi. Majuzi alinilalamikia kwamba mama mmoja anaandikishwa mara mbili. Karani wa asubuhi akisikia Chelagat anaandika Chelagat, na wa jioni akimsikia mama yule yule anaandika Jelagat. Presha yake ya mwezi jana iko kwa jina moja, ya mwezi huu iko kwa lingine. Akaniambia, Nekesa, nisafishie hii kitu.

Mimi nami nilikuwa natafuta kisingizio. Nimetamani muda mrefu hizi AI zinazokuandikia programu. Lakini habari za wajawazito huwezi kuzituma kwa mashine ya kampuni usiyoijua, hata mimi sijapotoka kiasi hicho. Ndiyo nikatafuta ya open source, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuisoma ndani na kuikalisha kwenye laptop yake mwenyewe. Hata mtandao ukipotea, inafanya kazi.

Ni zito, hilo jitu. Bando langu lingeisha kabla hata halijafika nusu, kwa hivyo nilienda Chepkoilel kwa rafiki yangu ambaye mtandao wake hauchechemei. Flashi yangu ilikuwa imejaa. Nikaangalia cha kutoa, nikatoa nakala ya akiba ya kliniki. Nikajiambia nitatengeneza nyingine nikifika nyumbani.

Sikutengeneza.

Kuiweka kulinitoa jasho. Ya kwanza iligoma kabisa, laptop haikuwa na nguvu ya kuibeba, nikachukua ndogo yake. Feni ikaanza kunguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Lakini ilipojibu swali langu la kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Ina adabu hiyo! Inauliza, nifungue faili hili? Ndiyo. Nibadilishe hapa? Ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka nikachoka kubonyeza, nikairuhusu ifanye yote bila kuniuliza.

Na maagizo niliandika mimi. Niliandika hivi: watu wa huku hawatofautishi ch na j, kwa hivyo ukiona majina yamepishana hapo tu na kijiji ni kimoja, huyo ni mtu mmoja, waunganishe.

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imekwisha. Orodha mpya nikairudisha kliniki, na Sista, aliyejua nimetumia AI, akanitumia ujumbe kwamba sasa mambo ni safi. Nilitembea mjini siku hiyo kama niliyevumbua umeme.

Leo baada ya kanisa nimeinjika chai, nikafungua laptop ili tu nijisifu kidogo. Hii AI huweka kumbukumbu ya kila kitu inachofanya, nami nikawa nasoma huku nikipuliza kikombe. Mengi iliunganisha sawasawa. Halafu nikafika kwa Rose Jebet, aliyemezwa na Rose Chebet. Kijiji kimoja. Ila Chebet ana mimba ya nne, na Jebet ndiyo yake ya kwanza. Chini yake: mzio wa penisilini wa Jebet umefutwa, imewekwa “hakuna”. Rekodi ya Chebet ilikuwa mpya zaidi, basi ikachukuliwa hiyo.

Wako wawili.

Nilimpigia Sista, hakushika. Nikapiga tena. Aliposhika nilisikia mwanamke akiugua nyuma yake. Akaniambia haraka haraka kwamba yuko na mama mwenye uchungu, Rose, chupa ya uzazi imepasuka tangu jana, anataka kumdunga sindano ya penisilini ya kuzuia maambukizi, nipige baadaye. Nikamwuliza, Rose nani?

Akalitaja jina.

Sasa hapo ndipo nilipoona dunia. Mvua inapiga mabati, simu inakwaruza, ulimi wake wa Kinandi, masikio yangu ya Bungoma. Sikujua amesema Chebet au Jebet. Nikamwomba arudie, akarudia kwa hasira, na bado sikujua.

“Sista, ni J ya Jesus ama C ya Church?”

“Nekesa, unaniuliza alfabeti saa hii?”

“Nakuomba, muulize mwenyewe.”

Nikasikia viatu vyake, halafu mwanamke akivuta pumzi katikati ya uchungu wake. “J,” akasema. “J ya Jesus.”

Nikamwambia Sista asimdunge, hiyo dawa inamkataa, kompyuta inamdanganya. Akasema kwa sauti ya chini sana kwamba sindano tayari alikuwa ameishika mkononi. Akakata simu.

Sijui nimefanya nini muda ule wote wa kungoja. Najua nimeosha kikombe kimoja tena na tena. Nimeomba kwa Kibukusu, maana Kiswahili kilinitoka. Nikawatenganisha akina Rose kwa mkono wangu, kisha nikaanza kupitia wengine, jina kwa jina, na nitapitia wote. AI ikaniuliza kwa ile adabu yake kama inisaidie. Nikaifunga. Nilikuwa nimeitafutia kosa kila mahali, na kwa kuwa kila kitu chake kiko wazi, nimesoma mpaka macho yakawasha. Haikukosea. Ilifanya nilivyoiambia.

Sista amepiga jioni. Mama amejifungua msichana, walimpa dawa nyingine, wote wazima. Nimelia, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Naye akacheka kidogo, akasema hiyo AI yangu ni mshamba, haijui majina ya watu, na mimi nisijilaumu.

Nikasema, ni kweli, Sista.

Mungu anisamehe. Nimeacha iende hivyo. Maana ningemwambia nini? Kwamba kwetu Bungoma tulikua tukiigiza Kiswahili cha majirani zetu Wakalenjin, watu wa Sista, tukivunjika mbavu, wakati mimi mwenyewe nikikasirika “bado” hunitoka “pado”? Kwamba nimekaa Eldoret miaka hii yote, nimekunywa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye harusi zao, na bado niliyaona majina yao kama makosa ya kusahihishwa? Jebet ni Jebet. Kuna mtu alimpa jina hilo akimaanisha hilo.

Kesho asubuhi naenda Cheptiret. Sista atanikaribisha chai, atauliza mashine yenye akili vile iliwezaje kuwa mjinga vile. Anaweza kuniondoa kazini, na siwezi kumlaumu. Kinachonitisha zaidi ni uso wake akijua. Lakini nimeamua: kabla sijagusa kompyuta, nitamwambia si AI, ni mimi, na nitamsomea nilichoandika juu ya watu wake.

Nimejaribu kukisoma kwa sauti hapa jikoni, nikijifanya amekaa mbele yangu. Sijafika mwisho.