Simiti Niliyomwaga Mtaroni

Silanga, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Mpenzi wangu Mama Nekesa,

Nakuuliza hali yako kwanza kabla sijasema yangu, maana najua ukishaanza kusoma ya kwangu utasahau kunijibu. Goti lako linaendeleaje? Mahindi ya kule chini mtoni yamepaliliwa mara ya pili, au bado mnangoja mvua ipungue? Nekesa amezoea shule mpya? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nakula, naenda kazini, nguo nafua mwenyewe. Ila upweke, Mama Nekesa, umenikaa kifuani tangu nitoke Kawangware.

Utashangaa kwa nini naandika na simu tunayo. Simu unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inanisikia, na mimi nikijua nasikika naanza kujitapa. Nilicho nacho leo si cha kujitapa. Wafula anasindikiza mwili wa mjomba wake kuja huko nyumbani Alhamisi, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Unajua tulivyoishi kule Kawangware, mtaa wa 46. Ploti nzima watu wa kwetu, ukipika mboga ya mrenda harufu inakuitia wageni. Ilipobomolewa ijengwe gorofa, kila mtu alishika njia yake, na yangu ikanileta huku. Hapa milango ni kumi, na kila mlango una watu wake. Tunaambiana "sasa" na "poa" na kupitana. Kuna Jumapili nilizomaliza bila mtu kuniita jina.

Aliyenipokea ni mmoja tu, Mama Atieno, mjane wa kutoka kule ziwani, anayeshona sare za shule mlango unaofuata wangu. Siku niliyohamia aliacha cherehani akaja kunitazama nikishusha godoro. "Karibu fundi," akasema. "Maji ya kukunywa utakuwa unachukua kwangu mpaka ununue mtungi." Mtungi nilichelewa kuununua makusudi, ili nipate sababu ya kubisha hodi. Usinifikirie vibaya, ana umri wa dada yako mkubwa.

Sasa, mbele ya milango yetu unapita mtaro. Mvua zilipoanza ukajaa, maji meusi yakasimama, hayaendi mbele wala nyuma. Wanaume wa ploti wakaanza kukusanyika langoni jioni kulalamika, na hapo ndipo na mimi nikapata watu. Unanijua kwa domo. Tulilalamikia serikali, tukalalamikia mwenye ploti, tukalalamikia majirani wa ng'ambo ya mtaro, na kila nikimaliza kusema mtu ananisogezea jiwe nikae. "Wewe ndio unajua kuongea, fundi. Endelea," wananiambia. Walinituma kwa chifu na barua mara mbili. Sikudanganyi, wakubwa wana makosa yao: takataka huku haijazolewa tangu nihamie. Lakini nikikuambia ukweli wote, nilikuwa naombea mtaro ukae hivyo hivyo kidogo, maana ukizibuka nitakaa na nani?

Halafu ikanyesha mvua ya siku mbili mfululizo, maji yakaingia kwa Mama Atieno. Majora ya kitambaa cha sare alikuwa ameyapanga chini, kazi ya shule nzima, yakalowa yote maji ya choo. Mwalimu alikuja, akatazama, akapeleka kazi kwa mshonaji mwingine. Mimi nilikuwa langoni nikiwahutubia watu kuhusu haki zetu. Mama Atieno akatoka, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, akanisikiliza mpaka nikakosa la kuongeza.

"Fundi," akasema, "hiyo mdomo tumesikia. Kwani wewe hauna sururu?"

Ninayo. Sururu, sepetu, nyundo, patasi, vyote viko chini ya kitanda changu. Nimevilalia miezi mitatu nikingoja mtu wa serikali aje na vyake. Na mimi ndiye yule yule ambaye huko nyumbani chemchemi ikijaa matope natangulia na jembe kabla mzee wa kijiji hajapiga mbiu, kwa sababu boma lisilotoa mtu wa kazi hutajwa jina mbele ya wote. Huku nilijiambia ni mpita njia. Sote kwenye ploti tunasema hivyo. Kila mmoja ana kwao, basi mtaro unakosa mwenyewe.

Jumamosi nikavua shati nikaingia. Watu walitoka kutazama, kisha wawili wakakunja suruali wakanisaidia. Tulizoa mifuko ya plastiki, matambara, viatu, mpaka chini ya bamba tunalovukia mtaro, sururu ikagonga kitu kigumu na kurudi. Nilivunja kipande, nikakisuuza.

Ilikuwa simiti. Tabaka la kijivu, juu yake jekundu, kijivu tena, halafu jeupe. Hakuna mwingine ambaye angeweza kulisoma lile bonge. Jekundu ni sakafu ya rangi niliyopiga ile wiki ya kwanza nilipohamia. Jeupe ni la kuziba katikati ya vigae vya bafu, kazi niliyoimaliza kabla ya Pasaka. Unajua mimi silali na chombo kichafu, baba alinifundisha hivyo na nawasema mafundi wengine kwa hilo. Kila jioni nikirudi naosha karai na mwiko mlangoni pangu, na yale maji mazito namwaga mtaroni. Miaka kumi na tano napiga plasta, na sikuwahi kujiuliza simiti ile inaenda kushika wapi. Nyani haoni kundule.

Mwendesha bodaboda mmoja wa mlango wa saba akakichukua kipande mkononi mwangu. "Mnaona? Hii ni kontrakta wa barabara," akasema. "Wamemwaga simiti hapa wakaenda, pesa wakakula." Wote wakaguna kukubali. Kisha wakanigeukia mimi, kwa sababu ndiye fundi. "Si ni hivyo, fundi?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikaongeza hata, "Hawa makontrakta ni watu wabaya."

Tuliipasua simiti yote, maji yakaanza kwenda, na jioni hiyo Mama Atieno alinipikia ugali na samaki, akaniwekea kiti ndani kwake, juu ya sakafu ambayo bado ilikuwa na unyevu. "Umenisaidia sana," akaniambia. Sikuwa nimekaa mezani kwa mtu tangu nitoke 46. Nilikula nikamaliza, hata mifupa nikafyonza.

Nilivumilia siku nne. Ya tano nikaenda nikamkuta anashona kiraka, kazi ndogo ndogo ndiyo iliyombakia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku ile tulipoitoa."

"Kabla ya samaki ama baada?"

"Kabla."

Hapo ndipo cherehani iliposimama. "Na ukakula chakula yangu," akasema. Nilijitolea kumwinulia kizingiti, nimpigie sakafu upya kwa simiti yangu mwenyewe. Akasema asante, lakini ameshaamua kwenda kwa dada yake, huku hakuna shule itakayomwamini tena na kitambaa chake.

Wale wa langoni niliwaambia siku hiyo hiyo. Hawakunitukana, afadhali wangenitukana. Walitazamana, yule wa boda akasema, "Aaah, fundi," basi. Tangu siku hiyo nikifika wanakumbuka kazi nyumbani. Labda sasa mimi ndiye wanayemlalamikia, na siwezi kusema wanakosea.

Dada yake Mama Atieno anakaa Kawangware, tena 46 yenyewe. Nilikodi mkokoteni nikaivuta cherehani na vyombo vyake mwenyewe, yeye akitembea nyuma. Tulipita pale ilipokuwa ploti yetu. Gorofa limeshaanza kupanda, na sikumwona mtu ninayemjua. Tulipofika dada yake akauliza, "Huyu ni nani?" Mama Atieno akamjibu. "Jirani," akasema. "Ndio aliziba mtaro." Akanipa kikombe cha maji, nikanywa, nikarudi na mkokoteni mtupu.

Siku hizi vyombo naviosha ndani ya ndoo huko huko kazini, na simiti ikishuka chini naizoa naiacha mjengoni. Jumamosi nachokora mtaro peke yangu, kutoka langoni mpaka kwenye mashamba ya sukuma wiki kule bondeni. Maji yanapita vizuri. Yanapita mbele ya mlango wa Mama Atieno, ambao hadi juzi ulikuwa na kufuli.

Jana ulipata wapangaji, mume na mke, vijana wa kutoka upande wa kwetu kwa jinsi wanavyoongea. Nilifurahi mno kusikia lugha. Nilikuwa najipanga jinsi ya kuwasalimia, mke akatoka na beseni, akamwaga maganda ya viazi mtaroni. Domo langu la zamani likajaa maneno. Nikayameza, nikamwendea, nikamwambia hivi: "Karibuni. Mimi ni fundi, nakaa mlango huu. Mtaro huu niliuziba mimi, mama aliyekuwa humu akapoteza kazi. Ndiyo maana mmepata nyumba."

Alinitazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili, akaingia ndani akafunga. Maganda niliyatoa mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe na umwambie dawa ya mgongo nitaituma. Msalimie kaka mkubwa, na yule shemeji anayelima nasi mpakani, na mwalimu wa Nekesa. Nekesa mwambie baba yake anamkumbuka kila siku. Kwako wewe sina salamu ya kutosha kwenye karatasi hii.

Mumeo,
Baba Nekesa