Mjerumani Hapandi Mgeta

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, Uluguru yote imejifunika mawingu, na mimi nimekaa barazani nalitazama gari langu kwa hasira. Hasira zenyewe najionea mwenyewe, gari halina kosa.

Nimelinunua mwezi uliopita. Ni Mjerumani mweusi wa miaka mingi, viti vya ngozi, ukifunga mlango unasikia pu, kisha kimya, dunia yote imebaki nje. Hapa mjini, mtaani kwetu Mafiga, wanaliita gari la maharusi. Nilimwambia kila mtu kwamba nanunua kwa ajili ya mama, maana goti lake limeharibika na kila akiitwa kliniki inabidi ateremke kutoka kijijini Mgeta, mlimani, kwa lori la mboga. Ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikaa kwenye kile kiti mara moja tu, akili ikaniruka.

Aliyeniuzia ni mzee mmoja mstaafu, jirani yangu, Mnyamwezi. Sasa Mnyamwezi na Mluguru ni watani, mambo yetu yanajulikana. Nimempa shikamoo, hata hajamaliza kuitikia ameshaanza: Mluguru na gari hili wapi na wapi, nenda kanunue punda. Nikamjibu kwamba babu zake walikwenda pwani kwa miguu na mizigo kichwani, habari za magari kazijulia wapi. Tukacheka mpaka mkewe akatoka kuchungulia. Kisha akasema gari liko chini mno, huko kwetu mlimani halitafika, na kwamba ananihurumia. Nikazidi kucheka. Nikamwambia siku akifa nitaingia mimi kwanza kaburini, kama watani wafanyavyo msibani, wasimzike mpaka wanibembeleze.

Kumbe yule mzee alikuwa ananiambia kweli.

Nimemlaumu njia nzima, halafu nikajiuliza angefanyaje. Mtu ambaye tangu nimjue hajaniambia neno bila kunitukana, siku akisema la maana nitalijuaje?

Leo ndiyo nimemfuata mama, kliniki yake ni Jumatatu. Hadi Mlali niliendesha kama waziri. Barabara ilipoanza kupanda, tumbo la gari likakwaruza jiwe, likakwaruza jingine, mwisho likalala juu ya jiwe kabisa. Watu waliokuwa wanakwenda shambani wakanisukuma kurudi nyuma huku wakiniita mheshimiwa. Niliona aibu mpaka machozi yakanilengalenga. Nikampigia mama, akasema nirudi tu Mlali nikamsubiri.

Akaja na lori, kama siku zote, amekaa juu ya magunia ya karoti kwa sababu mbele kulijaa. Wanaume wawili walimshusha wamemshika kwapani, naye ameuma pindo la khanga asipige kelele. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia garini, akakipapasa kiti kama anapapasa kitambaa dukani. Hatukufika mbali, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Sijawahi kumwona mama akilala safarini. Nilifurahi na kujisikia vibaya kwa wakati mmoja.

Sasa yuko ndani anakunywa uji. Nimemwambia nataka kuliuza nitafute gari lililoinuka, la kupanda mlimani, hata kama ni kuukuu la kutia aibu. Amekataa katakata.

"Usiuze, mwanangu. Gari zuri hili. Mimi nitakuwa nakuja na lori mpaka Mlali, halafu hapo wewe unanichukua."

Amesema kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana imeniuma. Kutoka Mlali kuja hapa njia ni nzuri, hata kwa bodaboda angefika salama. Goti lake linaumia kule juu, kwenye mawe, na kipande hicho ndicho gari langu haliwezi.

Nitalililia, sitasema uongo. Lakini naliuza.