Nimekuta Ubeti wa Kuniaga Ndani ya Kasha la Miwani

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu nimemwahidi shangazi yangu kwamba siku hiyo nitafika kwake na mtoto na mabegi mawili, na tangu nimwahidi siwezi kumaliza ukurasa mmoja kazini bila kurudia mstari, na kazi yangu ndiyo hiyo, kusoma, nasahihisha vitabu vya shule kabla havijapigwa chapa, nawinda nukta zilizopotea na herufi zilizopinduka, halafu nyumbani kwangu mwenyewe nimesoma mistari minne tu ikanivunja.

Nina miaka thelathini. Mwaka wa tano huu nimeolewa na fundi miwani, mtu mpole, asiye na maneno mengi mdomoni. Tunaishi katika mji wa kwao, katika nyumba ya kwao, ndiyo maana dada yake, wifi yangu tunayekaa naye, mpaka leo ananiita "mgeni wetu", kwa utani, ingawa utani wa miaka mitano nao huacha alama. Mume wangu alinipata kwa mashairi. Aliyaandika nyuma ya karatasi za oda za vioo na kuyaficha ndani ya kasha la miwani yangu, akisifia macho, akisifia shingo, na zaidi ya vyote mashavu, na wala hakuniita kwa jina langu, aliniita Uzuri, hata mbele ya wateja, nami niliona haya lakini nilipenda, sitakudanganya, nilipenda sana.

Nilipojifungua, mwaka jana, mabaka meusi yakanitoka mashavuni na nywele za pembeni zikaanza kukatika. Siku moja tulikuwa tunaanua nguo, wifi akaniangalia. "Mgeni wetu, mbona umefifia hivyo, kama pazia la upande wa jua?" Tukacheka wote wawili. Kesho yake nikaenda saluni nikanunua krimu ya kopo lisilo na lebo, na wiki ya tatu mashavu yakababuka, kwa hiyo sasa nina mabaka na nina vidonda. Mume wangu aliyaona. Alichukua tu miwani yangu, akakaa nayo mezani na koleo yake ndogo, akabadilisha vile vishikizo vya puani na kuinyanyua fremu isiguse mashavu, akanirudishia, nami nikajisemea, hata miwani anaiepusha na uso huu. Mashairi yalikuwa yameshakoma tangu mtoto azaliwe.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kitambaa cha kufutia vioo, nikafungua kasha lake, nikakuta karatasi ya oda. Juu ameandika "Uzuri" na kupiga mstari, na chini yake haya:

Ulikuja kutembea, kila mtu akaona,
Sasa umeshafifia, hapa hatutabishana,
Ukienda sitalia, wala sitafuatana,
Ninabaki na mwenyeji, mgeni tunaagana.

Mshauri, niliuhesabu mizani, maana ndivyo nilivyo, hata nikilia nahesabu, na mizani yake imetimia, kumi na sita kila mstari, kwa hiyo siwezi hata kujidanganya kwamba neno fulani liliingia kwa kulazimishwa. Mgeni katika nyumba ile ni mimi, hakuna mwingine. Na mwenyeji namjua. Dukani kwake kuna binti anayepokea wateja, amezaliwa mtaa ule ule, ngozi yake haina hata doa la chunusi, na akicheka wateja wanasahau walichofuata.

Sikumwuliza mume wangu. Nilimpigia shangazi.

"Kasema hatalia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kaandika kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Sasa mwanangu unangoja nini, muhuri? Njoo, chumba chako kipo."

Kinachoniuma zaidi si yule binti. Nimesahihisha mashairi mengi ya mapenzi, na katika yote mwanamke anayesifiwa hana baka, hajawahi kuzaa, yuko pale pale alipoachwa na kalamu, nami nilikuwa nikiyasoma nikijiambia kwamba haya ndiyo mapenzi yanayodumu. Sasa najiuliza kama yanadumu kwa sababu tu karatasi haina uso wa kuharibika. Niondoke kimya, au nimwachie ubeti wa kumjibu?

Mimi, Mgeni Wao

*

Mgeni Wao,

Pole. Kujiona unafifia huku watu wanacheka na wewe unacheka nao ni upweke mkubwa, na hakuna aliyekuuliza unaendeleaje. Nakuuliza mimi.

Kabla ya shairi, kopo. Usipake tena hata kidogo, leo, sasa hivi. Lipeleke kwa daktari wa ngozi alione, kisha litupwe. Mwambie pia kuhusu nywele na kwamba ulijifungua mwaka jana. Wewe huwezi kuruhusu kitabu kisicho na jina la mwandishi kipite mezani kwako, ukawezaje kupaka usoni kitu kisicho na jina lolote?

Sasa twende kwenye kazi yako. Mwanangu, ungeletewa ukurasa kazini wenye kichwa "Uzuri", na chini yake "umeshafifia", ungeuliza nani amefifia? Usingeuliza. Ungesema uzuri umefifia, uzuri ulikuja, uzuri ukienda, ngeli ya U, basi, ungegeuza ukurasa. Lakini ulisoma ukiwa na sauti ya wifi yako masikioni. Yeye alisema "umefifia" akimaanisha wewe, ukaichukua ile "u" yake ukaibandika kwenye shairi la mumeo. Yeye anakuita mgeni, ukaenda kumtafuta mgeni kwenye ubeti ukajikuta mwenyewe.

Soma tena, taratibu. Kuna kitu kilikuja kutembea. Kilikaa mashavuni mwako miaka michache, kila mtu akakiona, sasa kinaaga. Mgeni ni huyo. Na mgeni akiwa usoni kwako, mwenyeji ni nani?

Nakubali sikuwepo wakati anaandika. Zamani alikuita Uzuri, kwa hiyo ubeti unaweza kusomwa ulivyousoma, na mimi naweza kuwa nimekosea. Ila mimi naangalia na ile miwani. Unaniambia mumeo aliona mashavu yako yamebabuka, akachukua koleo, akairekebisha miwani ikae sawa na pua yako ili fremu isikuumize, na wewe ukaona anakukimbia. Anayekukimbia hajui kipimo cha pua yako. Huyo alikuwa anakuuguza kwa kifaa anachokijua, na wewe uliyezoea kusifiwa hukuitambua sifa isiyo na vina.

Naye nina neno lake, na kama anasoma ukurasa huu asikie. Bwana fundi, mwaka mzima mke anakosa shairi, anapata vishikizo vya miwani. Ulikuwa unasubiri nini? Mtu aliyezoeshwa kusifiwa mashavu, mashavu yakiharibika anadhani na sifa zimekwisha. Wewe ndiye uliyemzoesha.

Kuhusu swali lako la mapenzi ya kwenye karatasi. Yale mashairi ya kwanza yalikuwa mazuri, siyabezi, lakini aliyaandikia macho na shingo, vitu ambavyo hata mpita njia angeviona. Kama nimeusoma sawasawa, huu ubeti wa karatasi ya oda ndio wa kwanza aliokuandikia wewe. Nadhani ndiyo maana alishindwa kuutia kwenye kasha lako, akauficha kwenye lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie shangazi, mwambie Jumamosi isubiri. Usimwambie zaidi, maana yule anahukumu kwa simu. Jioni mkishakula, weka karatasi mezani mbele ya mumeo, usilie kwanza, usimtaje binti wa watu ambaye kosa lake mpaka sasa ni kucheka vizuri. Uliza swali moja tu: "Mwenyeji ni nani?" Kisha nyamaza. Ni mtu asiye na maneno mengi mdomoni, mpe muda wa kuyapata.

Akikutajia mwingine, mabegi unayo na chumba kipo, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia nenda. Akikutaja wewe, fungua mabegi, na ubeti wa kujibu uandike hapo hapo nyuma ya karatasi yake.

Na siku wifi atakapokuita tena mgeni wetu, mwambie mgeni ameshaondoka, aliyebaki ni mwenye nyumba.