Neno Alilolileta Aika Mezani

Winnipeg, Kanada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu, na kwamba umekubali kumwachia dada Eliwaza kazi ya kukata majani ya ng'ombe. Sisi huku ni wazima. Baridi imewahi, na kule gereji ninakotengeneza mabasi tunashinda tumevaa glavu mbili mbili.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Umeuliza, "Aminieli, nasikia mjukuu wangu si msichana tena. Ni kweli, au ni maneno ya watu?" Kwenye simu ningekwepa, ndiyo maana nakuandikia.

Ilikuwa hivi. Siku moja tukiwa tunakula, Aika alituambia hajioni msichana wala mvulana. Akasema watu wa namna yake wanaitwa enbi. Mama yake akaweka kijiko chini. Mimi nikauliza, "Hilo neno umelitoa wapi?"

Alinieleza bila kukasirika. Kiingereza kina neno refu, non-binary, la mtu asiyejihesabu katika jinsia yoyote kati ya hizo mbili. Vijana wa mitandaoni wakachukua herufi zake, N na B, wakazitamka kama zilivyo, ikawa enbi. "Mvulana ana neno lake fupi, baba, na msichana ana lake. Sisi hatukuwa nalo," akasema. Nikadhani wote wanalipenda, kumbe hata wenyewe wanabishana. Wenye umri mkubwa zaidi wanasema linasikika kama jina la kumbembeleza mtoto. Wengine hawalitaki hata lile refu, kwa sababu linasema mtu si nani badala ya kusema ni nani.

Habari imekufikia kwa sababu ya mkusanyiko wa Watanzania wa hapa. Tulikuwa tunachoma nyama, habari ya enbi ikazuka, bwana mmoja wa Tanga akasema Kiswahili kina neno tayari, huntha. Mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Kibosho, akamkatalia. "Huntha ni habari ya mwili aliozaliwa nao mtu. Huyu anasema anavyojijua." Mzee mwingine akasema tusihangaike, hayo ni mambo ya Wazungu, yabaki kwenye lugha yao. Sauti zikapanda. Mwisho wote wakaniangalia mimi.

Aika akanitangulia. "Mnanitafutia neno na mimi nipo hapa. Kwa Kiswahili mimi ni mtoto wa baba na mjukuu wa Bibi. Yananitosha."

Yule mzee akanigeukia, "Na wewe unakubali?" Nikamwambia, "Huyu ni mtoto wangu, na nyama inaungua."

Sikufichi, bado sielewi yote. Mama yake anaomba sana, mara nyingine analia. Lakini mwaka jana Aika alikuwa anajifungia chumbani, chakula anakirudisha bila kukigusa, tunaogopa hata kwenda kazini tukamwacha peke yake. Sasa anakula na anacheka na mdogo wake. Nilimwuliza kama atabadilisha jina, kwa kuwa ni lako. Akasema hapana, hilo haliachi.

Krismasi tunakuja wote. Lile gauni la kitenge unalotaka kumshonea, mwambie fundi asikate kitambaa kwanza, Aika atachagua mshono mwenyewe. Nilimkumbusha kwamba kwetu Masama siku hiyo wanaume wako mgombani wanachinja mbuzi, wanawake wako jikoni wanapika mtori wa ndizi. Nikamwuliza atakaa upande gani. Akajibu, "Nitakaa na Bibi."

Nisalimie dada Eliwaza, na mdogo wangu Ndesario wa duka la vipuri pale Njoro. Mjomba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, atataka maelezo. Usibishane naye, mwambie aniulize mimi.

Nitapiga Jumapili mkishatoka ibadani. Ukitaka kuzungumza na Aika mwenyewe, sema tu, nitampa simu nitoke nje.

Mwanao,
Aminieli