Asiye na Mtoto Nyumbani

Jumatatu, 6 Juni 1994

...na bado sijamaliza habari za Deo na zile chapati. Jana umeme ulikatika nikaishia katikati. Basi: alizipika mwenyewe. Mume wangu, ametoka kukata minofu ya sangara kiwandani tangu alfajiri, anakanda unga! Harufu ya mafuta ilinitapisha, akahamishia jiko uani, majirani wakamcheka, akawacheka na yeye. Zilikuwa ngumu kama kandambili. Nilizila zote. Halafu akanibusu kale kashimo chini ya sikio langu la kushoto. Anasema hapo ndipo malaika aliponibonyeza kidole kupima kama nimeiva. Nampenda mpaka nachoka.

Kazini, pale chekechea, kubaya. Sufuria la uji nililibeba na mwalimu mwenzangu Nyamizi kutoka jikoni, akaachia upande wake kabla hatujafika mezani. Makusudi. "Bibi harusi ana mikono ya maua," akasema, walimu wakacheka. Mgongo unauma hadi sasa.

Nesi wa kliniki aliniambia nisiinue vizito. Ninawe kwa sabuni kila nikimtawaza mtoto. Nikae mbali na mtoto mwenye vipele. Nikaitikia yote. Nitayafuataje, wakati kituo kizima hakuna anayejua? Mama mkwe amekataza. Mimba haitangazwi, itajitangaza yenyewe, macho ya watu yana meno. Anajua yeye, Deo na mimi. Basi.

Jumanne, 7 Juni

Nimenunua kipande changu cha sabuni. Mama Editha, mwenye kituo, hukata mche kwa uzi, vipande vyembamba kama vya kuonjesha, na vingine hufungia kabatini. Nyamizi aliponiona na changu: "Umeolewa na mfanyakazi wa kiwanda au na kiwanda chenyewe?" Namchukia.

Masalu ameletwa na sweta la mikono mirefu, jua linapasua kichwa. Ana miaka mitatu, mzito kama gunia la dona, na kubebwa anataka na mimi tu. Nikambeba. Alikuwa wa moto. Nilipomvua sweta nikaona tumbo lote vipele, vingine vina maji.

Nilimweka chini haraka mno. Akalia. Nikanawa mikono mpaka viwiko, nikanawa tena, na yeye bado analia.

Nikamwita Mama Editha. Akatazama kwa mbali. "Joto hilo."

"Mama, hii ni tetekuwanga."

"Umekuwa daktari lini, mwalimu?"

Deo kaniletea ndizi mbivu. Sikumwambia. Nilitaka uso wake ubaki vile vile jioni nzima.

Jumatano, 8 Juni

Sasa si joto tena. Asubuhi nimekuta stoo imefagiliwa, mkeka umetandikwa, Masalu ndani. Kumrudisha kwao Mama Editha hataki. Siku hizi kila mwenye sebule amefungua chekechea. "Nikimrudisha leo, kesho yuko kwa jirani, na wenzake wanamfuata."

Halafu akatupanga mstari kama kwaya kuchagua wa kukaa naye. Nyamizi ananyonyesha. Mwalimu Rehema ana watoto wadogo. Akafika kwangu. "Wewe huna mtoto nyumbani. Utaingia wewe."

Wote wakakubali kwa kichwa. Na ndiyo desturi, hata kwetu ng'ambo ya ziwa: mwenye tetekuwanga huuguzwa na asiye na mtoto nyumbani, asije akabeba ugonjwa akawapelekea wake. Ningekuwa wao ningenichagua mimi. Nilifungua mdomo, nikamwona mawazoni mama mkwe na kidole chake mdomoni.

Nikaingia.

Dirisha dogo, magunia ya unga, harufu ya mafuta ya taa. Masalu alifurahi! Akapanda mapajani kwangu na vipele vyake vyote. Nikamshusha. Akapanda. Nikamshusha. Mwisho nikamwacha, nikalia, akanifuta machozi kwa kiganja kile kile alichokuwa anajikunia.

Nimekuwa mwoga. Niliogopa maneno ya watu kuliko ugonjwa.

Nimemwambia Deo. Hajagusa chakula.

Alhamisi, 9 Juni

Nimesema. Mbele ya wote, beseni la vikombe mkononi.

"Siingii stoo. Nina mimba."

Nyamizi akadakia: "Mimba! Na sufuria unabeba?"

"Ulikuwa unaniachia."

"Ningejua?" Akageuka haraka. "Haya, nani anaingia sasa? Mimi? Nitoke humo nikampe mwanangu ziwa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, na limenichoma. Ana ulimi wa wembe, lakini mwanawe ana miezi michache tu.

Mama Editha hakunipa hata hongera. "Ungesema siku ya kuomba kazi." Nikamwambia siku ile sikuwa hata na mchumba. "Basi chagua. Stoo au geti. Nje wapo waliopunguzwa kazi serikalini, wana vyeti kuliko chako, na matumbo yao matupu."

"Shikamoo, mama," nikasema. Sijui kwa nini. Sikuwa na neno jingine lenye adabu.

Nilikaa getini mpaka mama yake Masalu alipopita kumchukua, marobota ya mitumba kichwani. Nikamwambia: mwanao ana tetekuwanga, wamemfungia stoo, abaki nyumbani mpaka vipele vikauke. Nilidhani atanipiga. Akaniangalia tu. "Mwalimu, nilimwambia Mama Editha mwenyewe Jumatatu. Akasema mlete, tutamficha." Akatua marobota pale pale mchangani, akaingia, akatoka na Masalu mgongoni. Mtoto ananyoosha mkono kwangu. Nikarudi nyuma. Sitausahau ule mkono.

Mama Editha akanipigia kelele mtaa mzima wasikie. Nimemfukuzia mteja. Mimba yangu ina laana. Kesho nisionekane.

Sabuni yangu imebaki kwao.

Ijumaa, 10 Juni

Kliniki. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja: utotoni niliwahi kuugua tetekuwanga? Nikasema sijui. "Kama uliwahi, mwili unakumbuka, hutaiogopa sana. Kama hukuwahi, hili si la kukaa nalo nyumbani. Muulize aliyekulea, na urudi Jumatatu na jibu. Ukipata homa au kipele hata kimoja kabla ya hapo, njoo siku hiyo hiyo."

Aliyenilea, mama, yuko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kamanga, ndani kabisa, hakuna simu.

Nikafika nyumbani, mama mkwe ameketi mlangoni, habari zimemfikia kwake Butimba kabla yangu. Nikampigia magoti. Hakuitika marahaba. "Umeianika mimba kama dagaa. Sasa kunguru wote wameiona. Likitokea la kutokea, usiseme hukuambiwa."

Na Deo wangu, aliyelelewa hajui kumjibu mama yake, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, kunyamaza ndiko kulikomwingiza stoo. Kusema ndiko kulikomtoa."

Mama mkwe akabeba pochi yake akaondoka. Anatuchukia. Sijali. Ningeolewa na Deo tena leo, bila shela, bila keki.

Kesho atavuka na kivuko cha kwanza kwenda kwa mama. Mimi nimebaki kuhesabu madoa ya ngozi yangu kwenye kioo. Kila kuumwa na mbu naona kifo. Mtoto, usiniache.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda misani. Nimekaa uani tangu asubuhi nikichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Nyamizi alipita. Hakukaribia, alisimama nje ya michongoma. Akanitupia sabuni yangu, imefungwa kwenye gazeti. "Chukua. Sisi hatunawi kitajiri." Watoto wengine wawili wametoka vipele, akasema, na Mama Editha anawarudisha makwao mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Yeye Nyamizi stoo hakuingia. Hakusema pole. Alikuwa na mwanawe mgongoni, nikamtazama usoni mtoto. Safi. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Kazi sijui kama ninayo. Mama Editha hajaniita, nami siendi kuomba.

Deo amerudi mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Hakusalimia. Alikuja moja kwa moja akaigeuza shingo yangu, akaweka kidole kwenye kale kashimo. Mama yangu alicheka, anasema. Akamwambia: "Mwambie ajipapase chini ya sikio la kushoto. Niliwauguza yeye na kaka yake kwenye mkeka mmoja. Nilimfunga mikono kwa vitambaa asijikune, kipele kile kimoja akakiwahi."

Kumbe. Siku zote Deo amekuwa akibusu kovu la tetekuwanga.

Kesho nitampelekea nesi jibu, nimsikie mwenyewe akisema. Deo amelala sasa, viatu mguuni. Mtaa umetulia. Mama ametuma mihogo na neno moja: tumbo limfikie kabla halijafikia midomo ya watu wengine. Limeshachelewa kwa hilo, maskini. Lakini nitavuka kwenda kwake kabla mwezi huu haujaisha, nikae miguuni pake, anionyeshe huo mkeka kama bado upo.