Kidole cha Mama Kwenye Kompyuta Niliyoiuza

KITUO CHA POLISI TORORO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Auma Lillian
Umri: Miaka 36
Jinsia: Mwanamke
Kazi: Mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, Sikuda, pia fundi wa kompyuta
Makazi: Mjini Busia, upande wa Uganda
Tarehe na saa: 16 Mei 2024, saa 3:20 asubuhi
Lugha: Kiswahili
Anayeandika: D/Koplo Amongin Lorine

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja na kompyuta moja nyeusi niliyoiunda mwenyewe, pamoja na flashi moja, na ninaomba vibaki hapa kwenu.

Kazi ya kompyuta niliianza Februari 2023, jioni baada ya shule na siku za Jumamosi. Nilikuwa navuka kwenda Busia ya Kenya kununua mashine zilizokufa kwa watu wa vyuma chakavu, nachambua vipuri vilivyo hai, na katika mashine tatu natoa moja. Mume wangu alikuwa akiniuliza kama nimeanza kufuga vyuma. Aliacha utani siku kompyuta ya kwanza ilipowaka. Hiyo ya kwanza ndiyo hii iliyo mezani kwako.

Mnamo tarehe 10 Julai 2023, siku ya Jumatatu, mama yangu mzazi, Aboth, mjane wa Kirewa, alikuwa kwangu Busia akisubiri kupasuliwa jicho katika hospitali moja ya hapa Tororo. Mama hakujua kuandika. Aliweka dole gumba la kulia kwenye fomu ya kukubali upasuaji, nami nikasaini chini yake kama shahidi. Nesi alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu ya bluu kuonyesha mahali pa kidole, na mkia wa ile vema ulibaki umejitokeza pembeni. Niliiskani fomu kwa kompyuta hii, nikaiweka kwenye folda niliyoiita MAMA. Tarehe 12 Julai alipasuliwa. Nilikaa naye wodini tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, sikutoka hata kununua chai.

Mama alifariki tarehe 3 Januari 2024, kwa ugonjwa mwingine. Tulimzika tarehe 6 nyuma ya nyumba yake, kwenye shamba alilolilima maisha yake yote.

Tarehe 27 Januari 2024 nilimuuzia kompyuta hii Brian Mangeni, mwenye duka la kuchapa na fotokopi mjini Tororo. Kawaida yangu ni kufuta diski yote kabla ya kuuza. Siku hiyo sikufuta. Folda ya mama niliinakili kwenye flashi, kisha nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, mkono ukakataa. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita. Nilikuwa nimeshamtupia udongo, sasa nimfute hata jina? Nikajiambia, karatasi za jicho la mwanamke mzee, nani atazitaka? Hapo ndipo nilipokosea, na ninaomba iandikwe hivyo hivyo.

Mwezi Februari kaka yangu wa tumbo moja, Olweny Phillip, anayefanya biashara ya mahindi Merikit, aliniuliza karatasi za mama ziko wapi. Nilimweleza ukweli wote, hata kwamba nakala zimebaki kwenye kompyuta niliyomuuzia Brian wa Tororo. Niliona aibu. Yeye alicheka akasema, "Wacha tu, Lillian. Nani ataangalia?" Maneno yake yalinifariji.

Juzi Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tano asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, Brian aliniletea kompyuta hii Busia. Ilikuwa inalia piipii bila kuonyesha kitu, na dhamana ya miezi sita niliyompa haijaisha. Nilichomoa memori, nikasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, nikairudisha, ikawaka. Ilichukua dakika ishirini. Brian hajui kwetu ni wapi. Kwake mimi ni Mwalimu tu, hata jina langu halijui.

Nina desturi moja katika kazi hii. Kabla mteja hajaondoka, ninamfungulia faili la mwisho alilolitumia, aone kwa macho yake kwamba kazi yake haijapotea. Nikalifungua.

Ilikuwa hati ya makubaliano ya kuuza shamba. Muuzaji ni Aboth wa Kirewa. Tarehe ni 12 Julai 2023. Niliisoma tarehe mara tatu, kwa sababu ni siku ile ile niliyoshinda naye wodini. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, na pembeni yake mkia wa vema ya bluu. Shahidi wa kwanza ni mimi, na saini ni yangu. Karatasi hiyo sijawahi kuiona maishani mwangu. Shahidi wa pili ni Olweny Phillip. Mahali pa muhuri wa mwenyekiti wa kijiji palikuwa wazi.

Niliikuza ile alama kwenye skrini, nikaitazama tena. Brian ndiye aliyesema kwanza.

"Mwalimu, mbona unatoka jasho? Hiyo si ya kwangu, ni ya mtu ya Merikit. Olweny."

Nilimuuliza kidole kimetoka wapi.

"Yeye alikuja akaniambia, ndani ya hii kompyuta iko karatasi ya hospitali ya mama yake. Mimi natafuta, napata kweli. Akasema, toa hii kidole weka hapa, toa hii saini weka hapa. Anasema mama alikubali zamani, ni kifo tu ilimuwahi. Mimi ni mtu ya kuchapa, Mwalimu. Maneno ya familia ya watu mimi siulizi."

Hakusema kwa aibu. Alisema kama mtu anayeeleza alivyotoa fotokopi ya cheti. Nilimwambia mashine bado inasumbua, aiache, arudi Ijumaa. Huo ulikuwa uongo, naukubali.

Jana, tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, nilifika kwa Olweny Merikit. Alikuwa uani akianika mahindi. Njiani nilikuwa nikiomba akane, tugombane, yaishe. Hakukana.

"Hiyo shamba imekwisha," alisema. "Jumamosi mwenye kununua analeta trekta."

Nilimwambia, "Mama amelala pale, Olweny."

"Dereva tutamwonyesha. Atazunguka."

Nilimwambia naenda polisi. Hapo aliacha mahindi, akanitazama.

"Enda. Kompyuta ilitoka kwa nani? Aliyeskani ni nani? Saini ni ya nani? Fundi hapa ni mimi ama ni wewe?"

Huyu ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka maji ya mvua kwenda shule. Nilipitia maswali yake yote manne na kila jibu lilikuwa langu mimi. Mpaka sasa ninapozungumza nawe sijaamini kwamba maneno yale yalitoka kinywani mwake.

Mume wangu ananishauri nifute diski, nimrudishie Brian mashine yake, ninyamaze, kwa kuwa nina watoto na nina kazi ya ualimu. Kufuta ni dakika tano. Lakini fomu ya hospitali na ile hati vimo humu pamoja, na mtu akiviweka sambamba ataona mkia wa bluu ni ule ule mmoja. Nikifuta, shamba limekwenda.

Kama ni mimi wa kufungwa kwanza, nifungeni. Ninachoomba ni trekta isiingie Jumamosi. Kaburi la mama hatujalijengea. Ni udongo na msalaba wa mti, na dereva asiyeonyeshwa hataliona.

Niliyoyasema nimeyaona na kuyafanya mwenyewe, nisiyoyajua nimeyaacha. Haya ndiyo maelezo yangu.

Saini ya shahidi: Auma Lillian
16/5/2024

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, naye amekubali kwamba ndivyo alivyosema. Nimepokea kompyuta moja nyeusi na flashi moja. Saa 4:35 asubuhi, shahidi akiwa hajasaini, nilimpigia simu mwenyekiti wa kijiji kwa spika ya simu, kumwagiza azuie kazi yoyote kwenye shamba hilo. Alijibu kwamba trekta iliingia leo saa moja asubuhi, na kwamba hakuizuia kwa sababu Olweny alimwonyesha saini ya binti wa marehemu. Nilimuuliza kuhusu kaburi. Alisema amesimama barabarani anatazama, na haoni msalaba. Shahidi alisikia yote. Alisaini akiwa amesimama. Tumeondoka naye kwenda Kirewa saa 4:42.

D/Koplo Amongin Lorine