Majani ya Shamba la Kaskazini

Kansas,
27 Aprili

Mdogo wangu mpenzi Delmar,

Pokea salamu zangu na za Baba. Natumaini mvua za huko Oregon hazijawaotesha ukungu, na kwamba mgongo wa mkeo Patrice umepoa. Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri, hasa nikimwokea mikate ya kabichi na nyama, ingawa siku nyingine huniita kwa jina la marehemu Mama, nami naitika tu.

Uliniuliza habari za shamba la kaskazini. Mkataba wa serikali wa kutulipa tuliache liote majani tu, bila kulima, unaisha mwaka huu, na wewe ulitaka tumkodishie jirani yetu Verlin Kuhn alime ngano, maana analipa zaidi. Unamjua Verlin kwa utani: "Arlys, ninyi ndio wakulima pekee mnaovuna hundi!" Baba mwenyewe, unakumbuka, aliona haya kulipwa asilime. Kwa hiyo nilikuwa upande wako.

Sasa sikia yaliyotupata. Jumanne alfajiri nilikuta kitanda cha Baba kitupu na mlango wa nyuma wazi. Nje baridi ya kukata masikio, na koti lake limening'inia ukutani! Nilimpigia Verlin nikilia. Akafika kabla sijamaliza kufunga viatu. Tulizunguka ghala, tukateremka hadi kijitoni, wapi! Kulipopambazuka Verlin alisimamisha gari ukingoni mwa shamba la kaskazini, akanigusa bega. Baba alikuwa ameketi humo, majani yamemfika kifuani. Mbele yake, penye majani mafupi, kuku wa nyikani walikuwa wanacheza kuwavutia majike: madume yamevimbisha shingo, yanapiga miguu chini, yanavuma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa.

Nilitaka kumkimbilia. Akainua kidole. "Shii! Mtawafukuza."

Delmar, kwa miezi hakuwa amesema neno lililonyooka hivyo. Verlin alivua koti lake akamvika, na Baba akatueleza kwamba ndege hao walitoweka Babu alipolima pale, wakarudi majani yaliporudi. Yeye na Mama walikuwa wakija kuwatazama kila baridi inapoisha. Hawakutuambia, maana mkulima gani atasema mbele za watu kwamba anaipenda ardhi asiyoilima?

Sasa keti, mdogo wangu. Alhamisi nilikwenda ofisi ya kilimo nikatia saini majani yabaki miaka kumi mingine. Baba alinikabidhi madaraka ya kumtilia saini, lakini nilipaswa kukungoja. Nikasirikie, kisha unisamehe.

Nilidhani Verlin atanuna. Badala yake Jumapili, baada ya kanisa, alikuja na tai shingoni akaomba tuoane. Nikamwambia, "Verlin, kama unalitaka shamba, limeshaolewa na serikali."

Akaikunjakunja kofia yake. "We mwanamke, nina ngano ya kunitosha. Unadhani miaka yote hii nilikuwa naulizia shamba?"

Nimekubali. Harusi ni mwanzoni mwa Juni, kabla ngano haijaiva, nawe ndiye utakayenishika mkono kanisani, kwa hiyo usilete visingizio vya kazi. Baba huuliza kila siku bwana harusi ni nani, na kila akiambiwa anafurahi upya.

Wabusu watoto, mwambie Patrice namngoja. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Arlys